Mgomo wa wahadhiri ulinifanya mwalimu, sasa nashindwa kuwaacha wanafunzi wangu

Admin, tafadhali jina langu lisionekane, wala la chuo. Huku kwetu ukurasa huu unasomwa sana.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, nasomea ualimu wa hisabati na fizikia katika chuo kikuu kimoja kilicho mbali na mkoa wetu. Kwetu ni kijijini, juu huku Ufipa, si mbali na mji wa Sumbawanga. Wazazi wangu wanalima mahindi na ulezi. Nimebakiza muhula mmoja tu nimalize, na huo muhula ndio umenikaba.

Wahadhiri wetu waligoma tukiwa katikati ya masomo. Siku za mwanzo tulifurahi, tukawa tunalala mpaka jua linachoma dirishani. Baadaye likaja tangazo kwamba tuondoke hosteli. Nikarudi nyumbani na begi langu, nikamwambia mama ni wiki chache tu. Mahindi yakavunwa, yakapukuchuliwa, baridi ya huku ikaja mpaka ikapita, chuo kimya. Kwenye sala za jumuiya mama mmoja alimuuliza mama yangu taratibu kama nimefukuzwa. Mama alinitetea mbele za watu, ila tulipofika nyumbani akaniuliza na yeye.

Nilimpigia simu msimamizi wa utafiti wangu. Nikamsalimia shikamoo, halafu nikamuuliza, "Mwalimu, sisi tumewakosea nini?"

Akasema, "Hujakosa kitu. Na mimi sikupenda kukuacha njiani."

Nilikata simu. Nilimchukia yule mhadhiri kwa moyo wote. Nikajisemea mwalimu anayemwacha mwanafunzi katikati hafai kuitwa mwalimu, na maneno hayo niliyarudia kwa kila aliyeniuliza habari za chuo.

Baba alipoona nakonda kwa mawazo alinipeleka kwa mkuu wa shule ya sekondari ya kata. Mwalimu wao wa hisabati alikuwa amehamishwa na hawajaletewa mwingine. Nikaanza kujitolea kufundisha kidato cha nne. Jamani, sikutegemea kuwapenda vile. Walikuwa wanaogopa hesabu hata kuzitazama ubaoni, leo wanagombania chaki. Kwa mara ya kwanza tangu mgomo uanze nilikuwa naamka nikijua naenda wapi.

Kati yao yuko binti nitamwita Kabula, sio jina lake. Familia yao ni wafugaji waliohamia huku kutoka kanda ya ziwa. Malisho yalipopungua baba yake akaamua kushuka na ng'ombe bondeni, upande wa Ilemba, na alitaka kuondoka na familia yote. Kabula alikuja kwangu analia. Nikamfuata mzee nyumbani kwake, nikamsihi amwache mtoto amalize shule. Aliniuliza maswali mengi, nami nikamjibu yote, mwisho akauliza, "Wewe mwenyewe utakuwepo mpaka amalize mtihani?"

Nikasema, "Nitakuwepo, baba." Niliamini hivyo. Chuo kilikuwa kimefungwa na hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Mzee akanikabidhi binti yake, naye Kabula akahamia kwetu, tunalala naye chumba kimoja.

Wiki iliyopita wahadhiri wamekubaliana na chuo. Tumeitwa turudi mara moja, vipindi vinaanza vya mfululizo kisha mitihani. Asiyeripoti wiki ijayo anahesabiwa ameahirisha mwaka. Mtihani wa taifa wa wanafunzi wangu bado mwezi na kitu, na mada ngumu ndiyo kwanza tumezigusa. Nimeomba chuo nichelewe kuripoti, wamekataa. Msiniambie nifundishe kwa simu, watoto hawana simu na mtandao huku unakuja ukipenda. Mkuu wa shule ameniambia niende tu, hakuna atakayenilaumu, kwa kuwa mimi si mwajiriwa. Nilivyomwangalia nikaona anajua hana wa kuweka darasani.

Baba hataki hata kunisikiliza. Anasema amevumilia maneno ya watu kwa ajili yangu, nikibaki mwaka mwingine nyumbani nitakuwa nimewapa haki waliosema nimefukuzwa. Mama anasema Kabula ataendelea kukaa kwetu kama mtoto wake. Nashukuru, lakini Kabula hakubaki kwa ajili ya kitanda.

Darasani sijawaambia. Juzi Kabula aliniuliza wakati tunapika, "Madam, Jumatatu tunaanza vekta?" Nikamwambia ndiyo. Nikageuka kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Jioni hiyo niliandika ujumbe kwa msimamizi wangu kumwomba radhi kwa kumkatia simu. Alijibu kwa neno moja, karibu. Nililia, maana sasa namwelewa, na kumwelewa hakunisaidii chochote.

Jana mzee wa Kabula alipiga simu kutoka Ilemba. Nilidhani labda Mungu ananipa nafasi ya kusema ukweli. Akanisalimia, akaulizia binti yake, nikasema anaendelea vizuri. Kabla sijafungua mdomo tena akasema, "Mwalimu, hata jirani yangu wa huku alitaka kumtoa binti yake shule. Nimemwambia amwache, nikamweleza habari zako."

Nikamwambia asante, baba. Simu ikakatika, nikabaki nimeishika.

Basi la kwenda chuoni linaondoka Jumatatu alfajiri, saa chache kabla ya kipindi changu cha kwanza. Begi liko chini ya kitanda tunacholala na Kabula, sijaweka hata nguo moja. Nikienda nimewaacha njiani kama nilivyoachwa. Nikibaki nimewaumiza wazazi walioningoja miaka yote hii. Mlio walimu, mlio wazazi, hata mlio wanafunzi kama mimi, niambieni ukweli bila kunionea haya. Nifanye nini?