Siku ya Alama za Vidole

Nkambo alinilea tangu nikiwa na miaka minne, mwaka alipofariki mama yangu. Kwetu Lubumbashi nkambo ni mzazi wa mzazi wako, na huyu wangu alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi asiyejua kusoma, aliyeletwa kutoka kaskazini ya Katanga akiwa bibi-arusi wa mfanyakazi wa reli, asirudi tena kwao. Tuliishi watatu katika lupango letu, kiwanja chenye nyumba na ua, mtaani Kamalondo: baba, nkambo na mimi. Baba naye alifanya kazi ya reli mpaka mishahara ikachelewa miezi mingi, akaacha kuingojea. Akajifunza kutengeneza cherehani za mafundi wa mtaa. Nkambo alikuwa na shamba lake Kasungami. Alilima mahindi na maharage huko, na unga wa bukari, ugali wetu wa kila siku, ulitoka huko. Hakutaka kusikia habari ya unga wa dukani.

Nilipomaliza masomo yangu ya kemia katika chuo kikuu hapa mjini, profesa mmoja aliniambia kwamba kuna chuo ng'ambo kinachofundisha usafishaji wa maji, na kwamba kwa alama zangu ningepokelewa. Nchi yenyewe sitaitaja. Ni nchi ya baridi, watu wake wanasema Kifaransa, na nusu ya vijana niliosoma nao walikuwa wakiiota. Niliandika maombi kwenye simu, kwa sababu kompyuta sikuwa nayo, nikikaa mlangoni ambako mtandao ulishika. Mwezi wa tatu barua ya kupokelewa ilikuja. Baba aliichapisha nakala mbili. Moja aliibeba mfukoni siku kadhaa akiwaonyesha mafundi aliokuwa akiwatengenezea mashine.

Kupokelewa na chuo ni jambo moja, na kupata kibali cha masomo ni jambo lingine. Sikulijua hilo wakati ule. Kibali hutolewa na serikali ya nchi ile, na serikali inataka kuridhika na mambo mawili: kwamba una uwezo wa kujilisha, na kwamba ukimaliza utarudi kwenu. La kwanza lilimalizwa na nkambo. Alimwita baba asubuhi moja, mimi nikiwepo, akasema shamba la Kasungami liuzwe. Baba alikataa. Nkambo akamwambia kwamba magoti yake hayafiki tena Kasungami, kwamba wenye kujenga nyumba wamekwisha kumzunguka pande zote, na kwamba angependa kuliuza yeye mwenyewe akiwa hai kuliko kuwaachia watoto wake ugomvi. Liliuzwa kabla ya mavuno. Mahindi yalikuwa yamesimama. Mnunuzi alimruhusu arudi kuyavuna, lakini hakwenda. Alisema mtu havuni shamba la watu.

Kwa jambo la pili nilikwenda kwa bwana mmoja mwenye ofisi ndogo katika Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kati ya kanisa na kinyozi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu. Alikuwa mpole na mwenye haraka. Katika fomu ya familia kulikuwa na mstari wa baba, mstari wa mama, mistari ya ndugu, ya mume na ya watoto. Kwenye mama tuliandika kwamba amefariki. Ndugu wa tumbo moja sikuwa nao, mume wala mtoto sikuwa nao. Fomu ilibaki nyeupe kama sahani isiyopakuliwa. Nikamwuliza yule bwana tumwandike wapi nkambo.

"Nkambo hana fasi yake humu," alisema bila kuinua macho. "Habamuulize."

Nilimweleza kwamba ndiye aliyenilea. Akasema anaelewa, lakini mtu akiandika kitu kisichoulizwa faili linaonekana chafu. Nikatia sahihi. Katika barua ya maelezo niliyoambatanisha niliandika kwamba nitarudi kwa sababu mji wangu unahitaji watu wa maji, maneno mazuri ambayo yeye alinisaidia kuyapanga. Juu ya nkambo sikuandika hata neno moja.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya kunitaka nikatoe alama za vidole. Lubumbashi hakukuwa na mahali pa kuzitolea. Ilikuwa ni Kinshasa tu, na kwenda Kinshasa kwetu ni kupanda ndege. Nilichagua siku, Alhamisi asubuhi, nikapata tiketi ya Jumatano.

Jumanne saa sita mchana nkambo alianguka uani. Alikuwa amekaa akichagua maharage kwenye ungo, akainuka kuchukua maji, akaenda chini. Mimi nilikuwa ndani nikipiga pasi nguo za safari. Nilipotoka, alikuwa ananitazama lakini mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja. Jirani alitoa gari. Nilimshika kichwa njia nzima. Hospitali walimpokea, wakatuambia tukae kwenye benchi, na kabla ya jua kushuka muuguzi alitoka akamwita baba peke yake.

Siku ile ile watu walianza kujaa katika lupango. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifika kutoka Kenya akiwa amevaa kikwembe, kitenge chake, kwa kukigeuza ndani nje kama mfiwa, na yeye ndiye aliyeshika kilio mkononi mwake kama ilivyompasa. Waliamua kwamba maziko yatakuwa Alhamisi, ili ndugu wa Kamina wapate kufika.

Sasa nitasema jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Barua ya alama za vidole ilikuwa na kurasa mbili. Katika ukurasa wa pili, chini, iliandikwa kwamba mwombaji akipata dharura anaweza kuomba siku nyingine, mradi muda uliowekwa usipite. Muda wenyewe ulikuwa umebaki wiki tatu. Maneno yale nilikuwa nimeyasoma. Niliyasoma siku barua ilipokuja, na niliyasoma tena Jumatano asubuhi, nimesimama nyuma ya choo ambako hakuna mtu. Nilipiga hesabu: nikiomba siku nyingine, faili litachelewa, na likichelewa chuo kitafungua bila mimi. Na shamba limekwisha kuuzwa. Nilijiambia kwamba ama nimzike nkambo nipoteze shamba lake, au nipande ndege na kumfanyia alichotaka. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa kubaki.

Baba alikuwa amekaa kati ya wanaume, amenyoa kichwa. Niliinama karibu naye, nikamwambia kwamba siku ya Kinshasa ni kesho.

"Haiwezekane kuibadilisha?" aliuliza.

"Haiwezekane, baba. Balishaandika vile."

Kisha akasema, "Basi enda. Ni yeye njo alitaka uende. Mi nitabaki naye."

Shangazi alisikia. Hakupaza sauti. Alisimama mbele yangu na begi langu likiwa begani, akaniambia kwamba huyo anayelala ndani alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuta chini, na sasa mimi siwezi kumbebea hata ua. Baba alimjibu kwa ajili yangu. Alimwambia dada yake, na watu wote wakisikia, kwamba wazungu hawabadilishi siku, kwamba barua imeandikwa, kwamba mtoto hana kosa. Nilimwacha aseme.

Kinshasa niliifahamu kwa jasho na kwa Kilingala nisichokielewa vizuri. Alhamisi asubuhi nilipanga mstari na watu wengine mbele ya ofisi yenye vioo. Ndani palikuwa na baridi ya mashine. Binti aliyevaa shati jeupe aliniambia niweke vidole vinne kwenye kioo, kisha vinne vingine, kisha vidole gumba viwili pamoja. Vya mkono wa kulia mashine ilivikataa mara ya kwanza. Aliniuliza kama nafanya kazi ya kulima. Nikasema hapana. Akanipa kitambaa nikafuta, tukarudia, ikakubali. Halafu picha, akaniambia nisicheke, nami nikaona ni ajabu kuambiwa hivyo. Kazi yote haikufika robo saa. Nilipotoka nilitazama simu. Binamu yangu alikuwa ameniletea picha za kaburi likiwa wazi. Nilizifuta kabla ya kuzitazama zote, na jambo hilo nalo najuta.

Niliporudi Ijumaa, watu wa Kamina walikuwa bado wapo. Walinisalimu vizuri, kwa upole ule anaopewa mgeni. Shangazi alinitengea chakula kama anavyomtengea mtu yeyote. Usiku wa kulala kwenye mikeka pamoja na wanawake wa familia ulikuwa umepita, na mimi nililala kitandani kwangu.

Jibu lilikuja mwezi wa nane, mchana, nikiwa kwa fundi mmoja namsubiri baba amalize kufunga mkanda wa mashine. Lilikuwa ni ukurasa mmoja na nusu. Walikuwa wamekataa. Afisa, ambaye hakuweka jina bali namba, alisema kwamba hakuridhika kuwa nitaondoka nchini mwao masomo yakiisha. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza, uchache wa mali yangu na ya familia yangu nchini mwangu. Ya pili, kwamba sina uhusiano wa kifamilia wenye nguvu wa kunirudisha nyumbani.

Niliisoma ile ya pili nikiwa nimesimama kati ya mabaki ya vitambaa. Nilitaka kucheka na sikuweza. Yule afisa hakuwa mwongo. Alitazama karatasi nilizompa, akaona mama amekufa, ndugu hakuna, shamba hakuna, na mwanamke aliyenilea hayumo popote, wala akiwa hai wala akiwa amekufa. Kama angetaka ushahidi zaidi angetazama tarehe ya alama za vidole, aulize siku ile kwetu kulikuwa na nini.

Baba alichukua simu, akasoma polepole, akarudia. Tulitembea mpaka nyumbani. Tulipofika aliketi, akaanza kupanga upya. Alisema tutaandika tena, watu wengi wanakataliwa mara ya kwanza. Alisema safari hii tuwaeleze juu ya nkambo, kwamba alikufa siku zile, kwamba mimi niliacha maziko kwa sababu walikataa kubadilisha siku, na wakisoma hivyo wataona haya.

Ningeweza kunyamaza, kwa kuwa nilikwisha kuzoea. Lakini nilimwona akitafuta kalamu ya kuandika maneno hayo, kwa mkono wake, kwa Kifaransa chake cha relini alichokiheshimu sana, na sikuweza kumwacha aandike uongo wangu na kuutia sahihi. Nilileta ile barua ya kurasa mbili nikamwonyesha mahali.

Alivaa miwani. Alisoma, kidole kikifuata mstari.

"Uliyaona haya mbele ya kwenda?"

"Ndiyo, baba."

"Na mi nilibaambia bantu bote," alisema. "Nilimuambia dada yangu mbele ya maiti ya mama."

Hakuniuliza kwa nini. Aliikunja barua kwa mikunjo yake ya kwanza, akanirudishia, akavua miwani, akatoka akaenda kwa shangazi, Kenya, kwa miguu. Alirudi jioni. Sijui walizungumza nini, na hakuna aliyeniambia. Habari ya kuandika tena haikutajwa kamwe katika nyumba yetu, wala naye wala nami. Baba hajawahi kunitukana. Anakula ninachopika, ananiuliza kama nimelala vizuri, na kitu fulani kilichokuwa kikipita kati yetu bila kutafutwa hakipiti tena.

Sasa ninafundisha kemia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakuja na barua zao za kupokelewa wakiniomba niwatazamie faili. Nawasaidia. Nawaambia wasome kila ukurasa, na wamwandike kila mtu aliyewalea, hata kama fomu haina mstari wake, waongeze karatasi. Wawili wamekwisha kwenda. Siwaonei wivu, au nasema hivyo.

Mwaka uliopita familia ilisimamisha msalaba wa saruji juu ya kaburi la nkambo. Shangazi ndiye aliyenipigia simu, mara ya kwanza tangu kilio, akaniambia siku na saa. Nilifika wa kwanza. Baba na binamu zangu walipalilia, wanawake wakafagia, na kila nilipoinama kushika kitu kulikuwa na mkono uliokwisha kukishika. Nilisimama pembeni na viatu vyangu safi. Fundi alipomaliza kuandika jina kwa rangi nyeusi, shangazi, ambaye hajui kusoma kama mama yake asivyojua, alinipungia mkono nije.

"Weye njo ulisoma," alisema. "Angalia kama baliandika muzuri."

Nilipiga magoti nikasoma. Herufi moja ilikosekana katikati ya jina. Nilimwonyesha fundi, akaiongeza, ndogo, imebanwa kati ya wenzake. Shangazi aliuliza kama sasa ni sawa. Nikasema ni sawa, tukangoja rangi ikauke.