Mwari wa Maji Taka

Miaka ya tisini nilikuwa nakata nyama Soko la Burma, Nairobi, na katika wateja wote niliowahi kuwapimia mbavu hakuna aliyenikera kama bwana mmoja wa ndege. Kila Jumamosi mchana alikuja na viatu vya matope, darubini ikining'inia shingoni, na kabla sijamuuliza anataka kilo ngapi ameshaanza kunieleza ameona bata wa aina gani. Bata! Mtu mzima, ana mke, ana kazi ya ofisi mjini, asubuhi nzima anachungulia bata asiowafuga na asiotaka kuwala. Mimi nilimjibu kwa panga. Nikigonga mfupa kwa nguvu huwa simsikii mtu.

Siku moja akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Turkana, kule jangwani, kando ya ziwa. Macho yakamtoka. Alifungua mkoba akatoa kitabu kinene cha ndege wa maji wa nchi yote ile kame, na mahali pa kuwaona: ghuba hii, kisiwa kile, pale mto unapoingia ziwani. Akanisomea mimi, aliyezaliwa pale, kwamba nikitaka kumwona mwari, yule ndege mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, nisimame ufukoni alfajiri. Nikamwambia, "Bwana, mwari walikuwa wanatuibia samaki wavuni kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu." Wenzangu pale buchani walicheka mpaka wakaweka visu chini. Yeye hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Basi huna haja ya kusafiri," akasema. "Ndege hao hao wako hapa nyuma ya Dandora, njia ya Ruai, kwenye mabwawa ya maji taka. Mwari nimewaona leo leo."

Jioni nilirudi nyumbani Dandora nikiwa na kichekesho changu tayari. Mama yangu alikuwa ameishi nasi tangu baba afariki. Kila alasiri aliweka kigoda mlangoni, penye mwanga, akatunga shanga, kwa sababu hakuna kingine cha kijijini alichoweza kukifanya kwenye plot yenye vyumba sita na bomba moja. Nikamsimulia habari za yule bwana na bata wake, nikaiga hata mwendo wake. Nilitegemea acheke. Mama aliweka sindano chini.

"Mwari wako hapa?" akauliza. "Nipeleke."

"Nikupeleke wapi, Mama? Kule ni choo! Choo cha mji mzima!"

Ndiyo, nilimpigia kelele mama yangu. Tayari tulikuwa tunakula moshi wa jalala asubuhi na jioni, tayari wale makorongo wenye vipara walikuwa wanatua juu ya mabati yetu na uchafu mdomoni, halafu nimtoe mzazi wangu nyumbani nikamsimamishe kando ya kinyesi cha watu wa Nairobi ati anatazama ndege. Kijijini wangesikia wangesema nini? Kule waliamini mimi ni mtu mkubwa. "Nitakupeleka ziwani kwenyewe," nikamwambia, "kwa heshima zako." Maneno hayo niliyapenda sana. Yalinisaidia nisiende popote.

Hakubishana. Ila mvua zilipokuja aliuliza tena, na zilipokwisha akauliza tena, na kila mara nilikuwa na jibu: bucha ina kazi, barabara ni matope, subiri Desemba. Desemba ilifika ikapita, ikafika nyingine. Katikati ya hayo alianza kumwita binti yangu amtilie uzi kwenye sindano. Kisha siku moja nikaona ametunga shanga za buluu mahali pa kijani, yeye ambaye angeweza kufanya kazi hiyo huku amesinzia. Nikamtania. "Mama, siku hizi ni fasheni ya Dandora?" Alicheka kidogo. Baadaye nikaona kopo la shanga limepandishwa juu ya kabati, na sikujiuliza kwa nini.

Januari moja hakuuliza. Aliniambia tu, "Jumamosi tunaenda," akiwa ameshakunja shuka lake la safari. Nikasalimu amri. Jamaa aliyekuwa akituletea nyama buchani alitubeba kwenye pikapu yake mpaka langoni, askari akatuangalia juu chini, tukaingia.

Harufu ile sitaieleza. Na juu ya ukuta wa udongo kati ya bwawa na bwawa, kumbe siku hiyo ndiyo siku yao ya kuhesabu: watu kama kumi na wawili, kofia pana, leso puani, kila mmoja na daftari. Wanahesabu ndege! Yule bwana wangu alikuwa katikati yao kama kasisi. Alipotuona alikuja mbio, akamsalimu mama kwa mikono miwili, akamwonyesha huku na huku: mnandi wale wanaokausha mbawa, yangeyange wale majanini, heroe watatu waliopotea njia. Mama aliitikia kwa kichwa kila jina. Mabata bukini walipolia nyuma yetu aliwataja kabla bwana hajageuka, na mimi nikavimba kichwa.

"Na wale weupe wa ng'ambo, Mama," bwana akauliza, penseli tayari, "wewe unaona wangapi?"

"Kwetu chenye uhai hakihesabiwi," mama akajibu.

Ee, nilifurahi! Nikawageukia wote na leso zao. Nikawaambia wasikie, hiyo ndiyo elimu: sisi mtu ana mbuzi zizi zima na hawahesabu hata siku moja, anamjua kila mmoja kwa rangi na kwa pembe, na akipotea mmoja anajua ni yupi. Ninyi hamumjui hata mmoja, ndiyo maana mnaandika namba. Niliongea kama niko kwenye mkutano.

Mama hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameinua fimbo yake. "Hao!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Mwari hao! Oo, wamejaa!"

Nikafuata fimbo. Fimbo haikuelekea kwa wale weupe wa ng'ambo. Ilielekea kulia, kwenye ua wa waya, ambapo upepo ulikuwa umebandika mifuko ya plastiki ya jalala letu, myeupe, mingi, inacheza. Mwari wenyewe walikuwa kule kule ng'ambo majini, wazi kabisa, wakubwa kama mbuzi. Nikakumbuka uzi. Nikakumbuka buluu na kijani, na kopo juu ya kabati, na utani wangu.

Bwana wa ndege aliutazama ua, akanitazama mimi. Angeweza kunilipa pale pale kwa kejeli zangu zote za buchani. Alifunga daftari lake taratibu.

"Ndio hao, Mama," akasema. "Ni wengi mno."

Mama alisimama pale hadi miguu ikamchoka, akiutabasamia ua wa waya. Niliona haya mbele ya yule mtu mpaka leo nikimkumbuka naona haya.

Tukiwa njiani kurudi kwenye pikapu nilimshika mkono kumvusha mtaro. Aliushika wangu kwa nguvu kuliko mtaro ulivyohitaji.

"Walikuwa mwari kweli?" akaniuliza.

"Walikuwa mwari, Mama."

"Mimi niliona weupe tu," akasema. "Ule mwaka uliponiambia, ningeona hata midomo yao."