Mama Niliyemsahihisha Maneno

Siku moja ya mvua kule kijijini Kashuga, mwanangu, hainitoki kichwani hadi leo. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule juzi tu, nikiandika majina ya wagonjwa katika kituo cha afya. Kiswahili changu kilikuwa cha kitabuni, nami nilijiona. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Akaja mama mmoja wa kambi ya waliokimbia vita, mtoto mgongoni. Akasema, “Mutoto iko anahara tangu jana. Anakatala kunyonya.”

Nikamjibu mbele ya watu, “Mama, hatusemi ‘mutoto iko’. Sema ‘mtoto anahara’.”

Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa, akakaza kitenge, akatoka. Nami nikamwita anayefuata.

Papa Bauma, muuguzi wetu, mzee wa kanisa, alikuwa ameona. Hakupandisha sauti.

“Uliskia yenye alisema?”

“Nilisikia.”

“Sasa ulikuwa unatafuta nini ingine?”

Nikatoka mbio kumfuata yule mama. Njia ya Kibabi, ya kurudi kambini, ilikuwa utelezi mtupu; nilianguka, nikaamka, nikauliza kila niliyekutana naye. Mtoto anayehara hangoji. Nikamkuta ameketi kando ya shamba la maharage, macho ya mtoto yamezama.

“Mama, unisamehe. Leta mutoto, turudi.”

Akanitazama. “Nilizani munapokea tu bale benye kusoma.”

Nikamwambia tunapokea wote, waliosoma na wasiosoma, nikambeba mtoto mwenyewe. Papa Bauma alimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, nami sikuweza kuketi wala kusimama. Alasiri mtoto akanyonya.

Ndipo mzee akaniambia jambo. Mchungaji mmoja alisoma Kiebrania cha Biblia miaka mingi, akafika Yerusalemu, akashangaa sokoni: wenyewe wanameza sauti, wanachanganya namba za kike na za kiume, maana kwao hata namba zina jinsia, na hata Kiebrania cha shuleni kwao hawakifuati. “Na bado njo luga yao,” alisema. “Banaelewana.”

Mwanangu, jifunze Kiswahili sanifu, nacho ni mali. Kitakufaa kwenye mtihani na kwenye barua. Lakini mtu akikuletea shida yake, ipokee kwa maneno aliyokuja nayo. Kusahihisha kuna wakati wake. Mimi nusura nimzike mtoto wa mwenzangu kwa sababu ya neno moja, na bado nikilikumbuka silali vizuri.

Mungu akupe masikio mapana kuliko ulimi wako, na asiwepo mtu atakayenyamaza kwa kukuogopa.