Kishingo Aliyebaki

Mwaka ule ni ule tuliokula kuku kila siku. Hapakuwa na harusi wala Krismasi, lakini Ilembo nzima ilinuka supu. Asubuhi kuku, jioni kuku, mpaka watoto wakaanza kuulizia mlenda. Kideri kilikuwa kimeingia. Kuku anaamka anasinzia, anaharisha kijani, mchana shingo imepinda. Unamchinja kabla hajafa mwenyewe, maana nyama ni nyama.

Mimi nikafanya ule ujinga wetu wa miaka yote huku. Walioonekana wazima nikawatia kwenye tenga, nikawapeleka kijiji cha Mamba kwa mdogo wangu, wajifiche huko mpaka ugonjwa upite. Akawafungulia, wakachanganyika na wake. Siku ya nne akapiga simu.

"Dada, umeniletea nini?"

Walikufa wangu, wakafa wake, wakafa wa jirani yake. Tangu hapo nikipiga, anapokea mkwe wake.

Nyumbani alibaki mmoja, mtetea wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, niliyemwacha kwa sababu nilijua ni wa kufa. Siku mbili alilala chini ya kichanja cha vyombo, macho yamefumba. Kisu nilishanoa. Siku ya tatu akaamka, akaenda kupekua jalala.

Ugonjwa ulipoisha niliazima jogoo, kishingo akataga, akalalia mayai kumi na moja. Nikatuma neno Mamba: mama na vifaranga wake wote ni wa mdogo wangu, nitawaleta mwenyewe. Safari hii nampelekea kuku aliyekwisha kuugua akapona. Sina kingine cha kumwomba nacho msamaha.

Sasa mjukuu wangu wa kike anafanya kazi kwenye maabara ya mifugo, mbali huko. Mimi niliachia darasa la pili nikalee wadogo zangu; yeye nimemlimia mpunga mpaka kiuno kikakataa. Watu wakiniuliza habari zake, nasimama wima. Nilimsimulia ya kishingo kwenye simu, maongezi tu. Baada ya wiki moja huyo hapa, na tenga jipya mkononi.

"Shikamoo bibi. Yuko wapi mwenyewe?"

"Marahaba. Umekuja kuniona mimi au kuku?"

"Nyie wote wawili," akacheka.

Akakaa, akanieleza polepole. Huenda kwenye damu ya kishingo kuna kitu kinachomkinga. Wakikijua, watabadilisha vinasaba vya kuku wengine wangali ndani ya yai, watotolewe nacho.

"Halafu tunawapa kideri, tuone nani anasimama."

"Mnawapa makusudi?"

"Kwenye nyumba iliyofungwa, bibi. Hakitoki nje."

"Na wasio na hicho kitu?"

"Wanakufa. Ndivyo tunavyojua."

Sikukasirika. Nilichoka tu, nikavuta kigoda. Hata mimi nilifanya jaribio hilo hilo kule Mamba, tena bila nyumba ya kufunga.

"Na huyu wangu?"

"Tutamwambukiza tena, tuone mwili wake unavyopigana. Mwishoni tunamfungua, tunaangalia ndani."

"Kumfungua ndiyo kumchinja?"

Akaangalia viatu vyake. "Ndiyo, bibi."

"Basi sema kumchinja. Sisi huku tunachinja."

Kishingo alikuwa kwenye karai lake kuukuu, kajitanua juu ya mayai, anatukodolea jicho moja. Nikamwambia mjukuu wangu: "Damu chukua. Kuku haondoki."

"Damu peke yake haitoshi, bibi. Fikiria, akina mama wote wa huku Mpanda wapate kuku wasiokufa na kideri. Hata bibi mdogo wa Mamba."

Hapo alinigusa penyewe, na alijua.

"Lini?"

"Labda miaka kumi. Labda zaidi."

"Bibi yako mdogo ana miaka sabini, na sauti yangu hataki kuisikia. Mayai yanatotolewa Alhamisi."

"Nitamletea kuku kumi, wamechanjwa wote."

"Mletee. Hao watakuwa wako. Mimi niliyemuulia kuku wake nimpe nini?"

Mjukuu wangu akatoa bomba la sindano, akalirudisha kwenye mkoba. Akalisogeza tenga karibu na karai, kidogo tu, kwa mguu, kama mtu asiyefanya kitu.

"Bibi, nakuomba."

"Damu chukua. Kuku haondoki."