Msaragambo wa Deni la Baba

Baba alishinda kesi. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe mpaka leo huanzia hapo. Jirani yetu huku Mamba, milimani, alikuwa amesogeza mstari wa masale, mimea yetu ya mpaka, hatua moja ndani ya shamba letu la tangawizi, na baba akamfuata kuanzia baraza la kata mpaka baraza la wilaya kule Same. Wanaotutania Wapare kwamba tunapenda kesi kuliko chakula hawajakutana na baba. Angewakatia rufaa.

Siku ya hukumu alirudi na kreti nzima ya soda. Tulikunywa kwa furaha: hatua moja ya ardhi imerudi! Wiki iliyofuata ndipo tulipojua kwamba ili kuipata hiyo hatua moja, baba alikuwa ameweka rehani shamba zima.

Mkopeshaji alikuwa mtu wa Same mjini, mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi. Mikopo ya aina yake watu wanaiita kausha damu. Hati yetu ya kimila ya shamba ilikuwa kwenye droo yake, na kila mwezi uliopita bila malipo, deni lilinenepa kuliko ng'ombe wetu.

Mimi ni kitinda mimba, nina cheti cha kidato cha nne na kipaji kimoja: kukaa nyumbani. Wapo wanakijiji waliodhani nilishaolewa mbali, kumbe niko jikoni. Basi familia ikanipa cheo. Mkopeshaji akija, mimi ndiye wa kutoka mlangoni na kusema, "Baba hayupo." Muda huo baba yuko zizini, amejikunja nyuma ya mbuzi.

Niliifanya kazi hiyo miezi minne. Nilimpeleka baba Moshi, nikampeleka Hedaru, nikampeleka Tanga kwenye misiba ya ndugu ambao hatunao. Sijawahi kusafiri sana namna ile.

Siku moja nilikuwa nimemfikisha Korogwe pale baba alipopiga chafya zizini. Mkopeshaji aligeuza shingo taratibu.

"Huyo mbuzi ana mafua?"

"Ndiyo," nikasema. "Tangu juzi."

Mama akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. "Basi, imetosha. Baba watoto, toka huko. Na wewe mgeni, karibu ndani, unywe chai kama watu."

Baba alitoka na majani kichwani, akaketi bila kumtazama mtu. Mkopeshaji alikunywa nusu kikombe, kisha akasema kwa upole kwamba tusisumbuane: tumuuzie tangawizi ikiwa hivyo hivyo ardhini, afute nusu ya deni, nusu nyingine tutaongea.

"Haijakomaa," mama akamjibu. "Tutaivuna wenyewe na tutaiuza wenyewe."

"Mama, nawapa mpaka mavuno yaishe. Baada ya hapo shamba ni langu."

"Sawa. Malizia chai yako, inapoa."

Alipoondoka nilisubiri mama amrarue baba. Hakumrarua. Alimpigia simu kaka yangu, mwendesha bodaboda wa Same, akamwambia maneno machache tu: "Kuna msaragambo. Panda."

Kwetu msaragambo ni kazi ya kijiji kizima. Barabara ikikatika au mfereji ukiziba, pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu, na asiyefika anatozwa faini. Sijawahi kusikia msaragambo wa watu wanne. Mama alituketisha akasema deni ni mfereji ulioziba, haijalishi nani aliuziba, na sheria ni ile ile. Kaka akacheka. Jumapili ya pili hakufika, akasingizia klachi. Mama akamtoza faini jogoo wake wa pekee, tukamchinja, na kaka akapanda Jumapili iliyofuata kuja kumla.

Walanguzi hununua tangawizi mbichi shambani kwa bei ya kukutukana. Mama alikata shauri kwamba yetu tutaikata, tutaikausha na kuiuza barabarani. Ilipokomaa tukachimba, tukaosha, tukakata, tukaanika. Baba, mtu aliyewahi kumhoji shahidi mpaka shahidi akaomba maji, alipewa kisu na ubao, akakata kimya tangu asubuhi hadi jioni. Vidole viliwaka moto. Siku ya tatu nilijikuna jicho kwa mkono ule ule, nikalia sana, na baba akadhani namlilia yeye. Akaniomba radhi. Sikumwambia ukweli. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akiomba radhi, na sikutaka kuiharibu.

Kisha mama akanigeukia mimi. "Wewe utakwenda stendi kuuza."

"Mama, mimi? Si kaka yupo pale pale?"

"Kaka yako anabeba mizigo. Wewe una mdomo. Miezi minne umemzungusha baba yako mkoa kwa mkoa ukiwa mlangoni. Sasa uutumie kwa jambo la kweli."

Siku ya kwanza nilisimama kando ya mabasi na beseni la pakiti, nikasema "tangawizi" kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma akaniangalia hadi akaacha kupepea moto.

"Dada, unauza au unaungama?"

Nikapaza sauti kidogo, kwa hasira. Abiria mmoja akafungua dirisha. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nagombana na makondakta kama mtu aliyezaliwa stendi.

Tulilipa kidogo kidogo, kila malipo na risiti yake. Siku ya mwisho tuliingia ofisini wote wanne. Mkopeshaji akapokea, akasaini, akasema hati tuifuate wiki ijayo, kuna gharama ndogo ya faili.

"Hakuna wiki ijayo," mama akasema. Akaketi, akafungua hotpoti ya makande aliyokuja nayo, akatupakulia. Tukala pale pale, polepole, mbele ya wateja wake. Baba akamkaribisha kila aliyeingia kwa jina la Mungu na kumweleza, kwa utaratibu wa mahakama, tunachosubiri. Wawili walisikiliza mpaka mwisho, wakasema wataenda kufikiria kwanza.

Droo ikafunguliwa.

Baba akanawa mikono, akavaa miwani, akaanza kusoma hati kuanzia mstari wa kwanza. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika nje ya mlango.

"Mzee," mkopeshaji akasema, "watu wanasubiri."

"Wasubiri," baba akajibu bila kuinua macho. "Nasoma shamba langu."

Akafungua ukurasa wa pili.