Jumatano ya Filamu ya Kitamil

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nakaanga samaki kwenye kibaraza cha nyumba ya baba yangu, Kariakoo, mtaa wa pili kutoka sokoni. Alfajiri nilikwenda kununua samaki soko la Feri, saa nne karai limeshachemka. Na kila asubuhi askari mmoja wa zamu alipita, akachagua kipande cha nguru kilicho kinono kuliko vyote, akangoja nimfungie kwenye gazeti, akaondoka. Hakulipa hata mara moja. Nikimwangalia sana, aliniuliza kitambulisho cha kazi. Siku zile asiyekuwa nacho alihesabiwa mzururaji, akapakiwa kwenye lori kupelekwa kijijini kulima. Kukaanga samaki, alivyosema yeye, hakukuwa kazi. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini na saba, mama yangu mgonjwa yuko ndani. Nikanyamaza karibu mwaka mzima.

Jumatano alasiri ilikuwa yetu wanawake. Sinema ya jirani haikuingiza mwanamume, nasi tukajaa na mabuibui yetu, kanga zetu, watoto mgongoni na karanga mkononi. Tulizoea filamu za Kihindi. Hata asiyejua neno moja alilia mahali pa kulia. Jumatano moja taa zikazimwa, na watu wa kwenye pazia wakaanza kusema lugha ambayo hata akina mama wa Kihindi wa safu za mbele hawakuielewa. Huku nyuma tukaanza kupiga viti. "Badilisheni! Badilisheni!"

Akasimama mwanamke mwembamba mwenye sari ya kijani. Nilimfahamu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mteja wangu wa siku nyingi.

"Hicho ni Kitamil," akasema kwa sauti ya darasani. "Lugha ya mama yangu. Mkinyamaza, nitawaambia."

Tukanyamaza.

Ilikuwa habari ya mkuu wa polisi mwenye masharubu, aliyekula na majambazi usiku na kuwafunga maskini mchana. Kila siku alichukua maua kwa mwanamke muuza maua, bila kulipa.

"Anasema, maua haya ni heshima yako kwangu," mwalimu akatafsiri.

"Heshima gani, mwizi mkubwa!" mtu akapiga kelele, ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Nilihisi mikono yangu inanuka samaki.

Siku muuza maua alipokataa, kaka yake alikamatwa kwa wizi asioujua, akafia mahabusu. Mwanamke akaenda kusimama mbele ya yule mkubwa, akasema maneno mengi. Mwalimu alijifuta uso kwa ncha ya sari. Nadhani alikuwa akilia. Kisha akasema polepole, "Anasema, nilikupa maua kwa sababu niliogopa. Usiuite woga wangu heshima."

Meneja akaja mbio na tochi. "Mwalimu, tafadhali kaa. Msinitafutie balaa na polisi."

"Kwani huyo wa kwenye pazia ni ndugu yao?" akauliza jirani yangu, muuza nazi. Meneja akazima tochi yake akatoka.

Kesho yake askari wangu akaja kama kawaida, akanyoosha kidole kwenye nguru.

"Huyo wa kuuza, afande," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nakupa kwa sababu nakuogopa. Bado nakuogopa. Lakini samaki sikupi."

Akalipiga karai teke. Mafuta niliyoyapangia foleni siku mbili yakatiririka mtaroni, mengine yakaniunguza mguu. Akanishika mkono. "Mzururaji wewe! Twende kituoni."

Nilikwenda nikichechemea. Muuza nazi akaacha nazi zake, akajifunga kanga kiunoni, akatufuata. Halafu mwingine, na mwingine tena. Tulipofika kituoni wanawake walikuwa kumi na mmoja, wote wa Jumatano. Wakaketi kwenye ngazi. Mwalimu alikuja baadaye, vidole vimejaa chaki, naye akaketi.

Mkuu wa kituo akafungua daftari lake kubwa. "Kosa?"

"Uzururaji, mzee," askari akajibu.

"Amekutwa wapi?"

Askari akasita. "Kibarazani."

"Kibaraza cha nani?"

"Cha baba yangu," nikasema. "Nimezaliwa nyumba hiyo. Ukitaka kuandika, andika na nguru wangu wa mwaka mzima."

Kicheko kikatoka kwenye ngazi. Mkuu hakucheka. Alimtazama askari, akafunga daftari bila kuandika chochote. "Nenda nyumbani, mama." Hakuna aliyeniomba radhi. Karai lilikuwa limepasuka, na mama alinigombeza mpaka jioni kwamba nilitaka kumwacha afe peke yake. Filamu yenyewe iliondolewa kabla ya Jumatano nyingine, sijui kwa amri ya nani.

Askari hakufukuzwa wala kuhamishwa. Aliendelea na zamu mtaani kwetu miezi mingi, ila alipita upande wa pili wa barabara. Nilipomwona nilisimama kando ya karai la kuazima nikamsalimu kwa sauti, mtaa mzima usikie, "Habari za asubuhi, afande!" Siku moja hakuitika. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka akaitika.