Ajali Sufuri, na Glavu za Wafula

Leo nimepigiwa makofi kazini kwa sababu nilificha vidole viwili vya mtu.

Mimi ndiye napiga hesabu ya ajali kwa kiwanda chetu cha unga, hapa Kitale. Unachukua ajali zilizofanya mtu akose kazi, unagawa kwa saa ambazo sote tumefanya.

Mwezi jana mashine ya kukoboa mahindi ilimkata mwenzetu Wafula vidole viwili.

Meneja akaniambia, "Akikuja kazi, hajakosa. Tuma boda."

Basi kila asubuhi boda ilimtoa kwake mtaa wa Kipsongo, mkono wa kulia kwa bandeji, akakalishwa kwa kiti hapo geti mpaka jioni. Anasinzia tu, dawa ya maumivu imemlemea. Na mimi namwandikia saa kamili, bana.

Leo wakubwa wamekuja na soda. Ajali sufuri. Nikapigiwa makofi, halafu kila mfanyakazi akapewa zawadi.

Glavu.

Wafula akaitwa wa kwanza, ati ni mfano wa kujitolea. Akavaa pale pale, polepole. Vidole viwili vya glavu vikabaki vinaning'inia.

Akakuja mpaka mezani kwangu, akaweka huo mkono juu ya karatasi ya hesabu.

"Hivi viwili havijakuja kazi tangu hiyo siku. Umeviandika wapi?"

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilimwonyesha mahali pa kutia sahihi kwamba amepokea glavu.

Alitia na mkono wa kushoto.